Kibao cha Basi Namba Nne

Sajini alikuwa amekibandika kibao kwenye kadi nyeupe, akakitia ndani ya mfuko wa plastiki na kuandika tarehe ya Jumanne kwa mwandiko mzuri. Sasa alikisukuma juu ya meza kwa kidole kimoja.

"Kesi yako hii hapa," alisema. "Ikikuchukua zaidi ya dakika tano, nitajua umefuata chai."

Mchunguzi alibaki amesimama. Kibao kilikuwa cha bati, cha njano, ukubwa wa daftari la shule, kina maandishi meusi mapana: BASI TUPU. Hakuhitaji kukisoma. Alikuwa mfanyakazi wa Kamati ya Wananchi, watu wa kawaida waliochaguliwa mitaani ili waangalie kama polisi wanafanya kazi yao na kama mabasi ya shule yanawafikisha watoto nyumbani. Kamati ndiyo iliyovitengeneza vibao vile, kimoja kwa kila basi, miaka miwili iliyopita.

"Nieleze kama vile sijui," alisema.

"Wewe? Si nyinyi mliotunga kanuni?"

"Nieleze tu, Afande."

Sajini alivuta pumzi kama mwalimu wa zamu. "Kibao kinakaa nyuma kabisa ya basi, kwenye ndoano juu ya kiti cha mwisho. Watoto wakishashuka wote, matroni anatembea kutoka mbele hadi nyuma, anaangalia kila kiti, anachukua kibao, anarudi nacho, anakitundika kwenye kioo cha mbele. Mlinzi wa yadi hafungui geti mpaka akione. Sawa?"

"Sawa."

"Jumanne, basi namba nne limeingia yadi saa nane na dakika nane. Daftari la geti linasema kibao kipo kiooni. Saa kumi na dakika ishirini, mama wa usafi anamkuta mtoto wa miaka sita kiti cha nyuma. Madirisha yamefungwa, jua la mchana wote liko humo ndani naye." Alisogeza kalamu iliyokuwa tayari mahali pake. "Kiti cha nyuma, dada. Chini ya ndoano. Huwezi kuchukua kibao bila kumwinamia mtoto. Kwa hiyo aliyekichukua alimwona. Alimwona, akamwacha."

"Na unasema ni matroni."

"Ndani ya basi walikuwa wawili. Dereva anasema hakuinuka kwenye usukani. Matroni mwenyewe anasema ni yeye aliyekagua, na amesaini."

"Amwache mtoto kwa sababu gani?"

"Wiki tatu zilizopita aligombana na bibi wa mtoto huyo, hadharani, mpaka watu wakaingilia. Saa kumi alasiri leo faili linakwenda kwa mwendesha mashtaka. Kumtelekeza mtoto kwa makusudi. Na mtoto akitutoka, shtaka linapanda."

Mchunguzi alikuwa na haki ya kusoma faili kabla halijatoka, na kuandika pingamizi kama ana sababu. Alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi.

"Mtoto anaendeleaje?"

"Hali ileile. Hajafungua macho."

Aliandika kwenye daftari lake: hali ileile. Kisha akaomba kumwona matroni.

Walimkuta mahabusu, ameketi pembeni mwa ubao wa kulalia, bado amevaa sare ya bluu ya basi. Mkanda na filimbi walikuwa wamemnyang'anya. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwenye mikono mikubwa ambayo hakujua aiweke wapi.

"Leo Alhamisi?" aliuliza kabla hajasalimiwa.

"Alhamisi."

"Mama yangu ana kidonda mguuni. Anafungwa bandeji Jumanne na Alhamisi, na zahanati inafunga saa nane. Leo hana wa kumpeleka."

"Nitatuma mtu."

"Anaogopa pikipiki. Awe mtu wa kumshika mkono."

Mchunguzi aliandika na hilo. "Jumanne ulikagua basi?"

"Nilikagua."

"Mpaka nyuma?"

"Kibao si kilikuwa mbele? Kibao kikiwa mbele, basi limekaguliwa. Ndiyo kanuni yenu."

"Sikuulizi kibao. Nakuuliza miguu yako ilifika wapi."

Matroni aliitazama miguu yake kama vile nayo imeitwa kutoa ushahidi. "Nilikagua," alisema tena, sauti ikiwa chini.

"Dada, nisikilize. Wewe unadhani kile kibao kinakukinga. Polisi wanasema aliyekishika alimwona mtoto. Kila unaposema ulikishika, unawaongezea kamba."

Mlango wa pili katika ukumbi ule uligongwa mara mbili na mtu aliyetaka kwenda msalani.

"Nikisema vingine, unga wangu umemwagika," matroni alisema mwishowe. "Na mama je?"

"Vingine vipi?"

"Sijasema vipo."

Bibi wa mtoto alikuwa kwenye benchi la mapokezi. Kila asubuhi alipita kituoni kabla ya kwenda hospitali, akauliza kama kuna jipya, akaambiwa hakuna, akakaa kidogo hata hivyo. Mapajani alishika mkoba wa shule wenye zipu iliyoharibika.

Mchunguzi aliketi kando yake, akamsalimu na kujieleza. "Bibi, wewe na matroni mligombania nini?"

"Upuuzi, mwanangu. Aliniambia mjukuu wangu analala kwenye basi, kila siku analala, basi nimlaze mapema usiku. Akasema atamhamishia kiti cha mbele ili awe anamwona. Mimi nikaona ananifundisha kulea. Nimelea saba. Nikamwambia akalee wa kwake." Alisita. "Hana. Na nilijua hana."

"Na alimhamisha?"

"Alimhamisha. Mtoto alilia, wenzake wote wanakaa nyuma. Siku nyingine anarudi hukohuko."

"Siku zipi?"

"Hizo ambazo simwoni matroni mlangoni. Jumanne na Alhamisi. Mlango unafunguka wenyewe, watoto wanashuka, basi linaondoka. Nilidhani yuko huko ndani na wadogo."

Kalamu ya Mchunguzi ilisimama, kisha ikaendelea. "Jumanne hii je?"

"Nilichelewa. Nilifika, basi limeshapita. Nikasema atakuwa kwa jirani, anampenda sana paka wa jirani." Bibi alivuta zipu isiyofungika mpaka mwisho, akairudisha. "Nikakaa nikafua sare yake ya pili. Nikaianika. Saa mbili nzima, mwanangu."

Mchunguzi alifunga daftari. Alimpigia simu karani wa ofisini, akamtuma nyumbani kwa mama wa matroni, akamwambia asipande pikipiki.

Yadi ya mabasi ilikuwa uwanja wa changarawe wenye banda la mabati upande mmoja. Basi namba nne lilikuwa limezungushiwa utepe wa polisi, ambao tayari ulikuwa umelegea na kugusa chini. Alionyesha kitambulisho chake getini, akaingia ndani ya basi peke yake.

Alianza kwenye kiti cha dereva, akatembea kuelekea nyuma huku akihesabu. Hatua kumi na nne. Viti vya kijani vilikuwa vimechanika pembeni, vimechorwa kwa kalamu, na kimoja kilikuwa na pipi iliyogandia kwenye chuma. Kiti cha mwisho kilikuwa kirefu, cha kukaliwa na watu watano. Mtoto wa miaka sita angeweza kujinyoosha hapo, asionekane kabisa kwenye kioo cha dereva.

Juu ya kiti ilikuwepo ndoano, tupu. Chini ya ndoano, ukuta wa basi ulikuwa umejaa vumbi jekundu, vumbi la wiki nyingi, isipokuwa sehemu moja yenye pembe nne, safi kabisa, ukubwa wa daftari la shule. Kingo zake zilikuwa zimenyooka kama zilizochorwa kwa rula.

Alipima kwa kiganja. Akapima tena.

Kibao kinachotolewa kila siku saa nane na kurudishwa kila asubuhi hakiachi alama ya namna ile. Ukuta ungechafuka wote. Kilichoacha alama ile kilikuwa kimekaa pale bila kuguswa muda mrefu, na kiliondolewa juzijuzi tu.

"Ukuta si wangu," sauti ilisema kutoka mlangoni. "Kama umekuja kwa vumbi, mimi ni sakafu na viti."

Alikuwa mama wa usafi, mfupi, amefunga kitambaa kichwani na ndoo mkononi. Hakupanda ngazi za basi. Alisimama chini, mkono mmoja kwenye bomba la mlango.

"Sikuja kwa vumbi, mama. Nimekuja kwa ya Jumanne."

"Nilishasema yote. Yule Sajini aliandika."

Mchunguzi alifungua nakala ya maelezo, akaisoma kwa sauti. "Nilimkuta amelala, nikamwita, hakuitika. Nikamtoa, nikamlaza kivulini, nikampepea, nikapiga kelele." Aliinua macho. "Ni hayo?"

"Ni hayo."

"Ulimpepea na nini?"

"Na nini tena? Na kilichokuwa karibu. Kile kibati."

"Kibati gani?"

"Cha njano. Kilikuwa kinaning'inia pale juu ya kichwa chake. Nilikinyakua nikaanza kumpepea humohumo ndani, mpaka kivulini, mpaka gari la wagonjwa likaja. Mkono huu mpaka leo haunyanyuki."

Mchunguzi alishuka ngazi, akasimama mbele yake. "Na kioo cha mbele kilikuwa na kibao wakati huo?"

"Kilikuwepo. Sajini alikitoa mwenyewe mbele yangu. Akavaa na glavu, ungesema anatoa mtu kidole tumbo."

"Hakuuliza hicho chako?"

"Aliniuliza jina, miaka na namba ya simu. Simu sina, akaniambia nitafute."

"Kiko wapi sasa?"

Kilikuwa stoo, nyuma ya mifagio, kimesimamishwa ukutani juu ya tambara safi. Mama wa usafi alikitoa kwa mikono miwili. "Nilikiosha," alisema. "Kilikuwa na vumbi la mwaka mzima. Niliona si vizuri kukiacha hivyo, kwa sababu ya mtoto. Nimeharibu?"

"Hujaharibu, mama."

Alikigeuza. Nyuma, kwa rangi nyeusi, palikuwa na tarakimu moja: 4. Alimpigia Sajini.

"Hicho kibao chako. Nyuma yake pameandikwaje?"

"Sijui. Kimegandishwa kwenye kadi."

"Kibandue."

"Dada, hiki ni kielelezo."

"Kibandue, Afande. Nitasaini kwamba nilikuomba."

Kwenye simu ilisikika kadi ikichanika taratibu. "Nne," Sajini alisema. "Halafu herufi B."

"Asante."

"B ni nini?"

"Ni kibao kilichotolewa baada ya cha kwanza kupotea."

"Kwani cha kwanza kilipotea?"

Mchunguzi alikitazama kilichokuwa mkononi mwake. "Ninacho hapa. Kilikuwa juu ya mtoto wakati cha kwako kiko kiooni. Aliyetundika cha kwako hakuhitaji kufika nyuma."

Sajini alisikika akivuta kiti. "Cha pili kilitoka wapi?"

"Kwetu. Kwa fomu."

"Basi niletee fomu. Bila fomu, hivyo ni vibati viwili na mwanamke mmoja mwenye ndoo."

Dereva wa basi namba nne aliitwa Breki na kila mtu, kwa sababu, walisema wenzake, ndicho kitu pekee ambacho hakukitumia. Alikuwa kwenye chumba cha madereva, amekaa chini ya ubao wa matangazo, anacheza drafti peke yake kwa vifuniko vya soda. Alimwona Mchunguzi akaacha kifuniko hewani.

"Karibu, dada. Umekuja kunifunga?"

"Sina pingu. Nataka kujua Jumanne ulimshusha matroni wapi."

"Matroni hashuki. Matroni anarudi na basi."

"Jumanne na Alhamisi mama yake anafungwa bandeji. Zahanati inafunga saa nane. Basi namba nne linapita njia panda ya zahanati saa saba na nusu."

"Wewe unajua ruti yangu kuliko mimi."

"Nimekaa kwenye benchi na bibi wa mtoto. Anasema siku hizo mlango unafunguka wenyewe."

Breki alikiweka kifuniko kwenye ubao, mahali pasipofaa. "Mimi naendesha. Huko nyuma si kwangu."

Mchunguzi alikitoa kibao kwenye mkoba wake, akakilaza juu ya drafti. Vifuniko viwili vilianguka na kubingirika mpaka ukutani. Hakuna aliyeviokota.

"Hicho umekitoa wapi?" Breki aliuliza.

"Kilikuwa juu ya kichwa cha mtoto. Mama wa usafi alimpepea nacho."

Alikitazama muda mrefu. Uso wake haukubadilika sana. Ulipungua tu, kama sauti ya redio inayopunguzwa na mtu wa chumba cha pili.

"Njia panda ya zahanati," alisema. "Vituo vinne kabla ya mwisho. Nilimwambia nenda, mama yako atakatwa mguu kwa sababu ya watoto wanne watano wanaojua kushuka wenyewe? Akasema na kibao je. Nikamwambia kibao niachie mimi. Yeye Jumanne alimweka yule mtoto mbele, nilimwona akimfunga mkanda. Akamwambia usirudi nyuma."

"Alijua una vibao viwili?"

"Hajui. Anadhani natembea mpaka nyuma." Alisugua magoti. "Cha pili kinakaa chini ya kiti changu. Nikikaribia geti nakitundika. Hata siku ambazo yupo natumia hicho; anadhani nilikifuata nyuma yeye akiwa chini na wadogo. Tunaokoa dakika nne, tano."

"Dakika tano za nini?"

Sasa alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Unaniuliza wewe? Si nyinyi mliobandika ile chati? Kijani, njano, nyekundu. Basi likivuka saa nane na robo, nyekundu, na jina langu liko ukutani wazazi wote wanalisoma. Mimi nimekuwa kijani miezi mitano. Mwenyekiti wenu alinipa mkono."

"Cha kwanza ulisema kimepotea."

"Nilisema."

"Nani alithibitisha?"

Breki alicheka kidogo kwa pua, bila furaha. "Dada, unanitega au umesahau kweli?"

Mchunguzi alifungua ukurasa mpya wa daftari.

"Si wewe uliyenipa? Ilikuwa mvua. Nilipanda ngazi zenu nimelowa chapachapa, basi nimeliegesha hapo chini, mbele ya mlango wenu kabisa. Ukaniuliza, kimepotea kweli? Nikakwambia kweli. Ukafungua droo ukanipa."

"Nilikuuliza mara ngapi?"

"Mara moja."

Mchunguzi alichukua kibao, akakirudisha kwenye mkoba, akaandika maelezo ya Breki yote neno kwa neno na kumpa asaini. Kalamu ilipogoma, akampa nyingine.

Ofisi ya Kamati ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vifaa vya umeme. Alipanda ngazi kumi na mbili. Chati ilikuwa ukutani pale ilipokuwa siku zote, mkabala na mlango ili wageni waione. Mstari wa basi namba nne ulikuwa wa kijani kutoka mwanzo wa muhula mpaka Jumanne. Jumanne pia ilikuwa ya kijani. Karani alikuwa ameipaka rangi jioni ile, kabla habari hazijafika.

Faili la vibao vilivyobadilishwa lilikuwa na karatasi tatu tu. Ya basi namba nne ilikuwa ya pili. Alama ya maji ya mvua ilikuwa bado kwenye pembe, mahali Breki alipoishika. Katikati palikuwa na kisanduku chenye maneno aliyoyatunga yeye mwenyewe: Nimefika kwenye basi na kuona kwa macho yangu kuwa ndoano haina kibao. Kisanduku kilikuwa na tiki. Chini ya tiki, sahihi. Alikuwa na sahihi ndogo, iliyoinamia kushoto.

Alikwenda dirishani. Kutoka mezani mpaka dirishani zilikuwa hatua tano. Chini, mbele ya mlango, palikuwa na nafasi ya kutosha basi moja.

Mwenyekiti alifika saa tisa. Alikuwa muuguzi mstaafu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni, na aliifanya kazi ya Kamati bila malipo kwa miaka miwili, akiacha wajukuu kwa jirani. Alisoma maelezo ya Breki, ya mama wa usafi na ya Bibi. Kisha akasoma fomu. Akavua miwani.

"Binti," alisema. "Hii ni ya miezi mitano iliyopita."

"Ndiyo."

"Mvua ile iliingia humu ndani. Karatasi nyingi ziliharibika."

"Hii haikuharibika."

"Naona. Nasema tu nyingi ziliharibika." Aliilaza fomu mezani, akainyoosha kwa kiganja kama anavyonyoosha shuka. "Miaka miwili nimegonga milango ya watu. Nimewaambia polisi wanaweza kuulizwa, madereva wanaweza kuulizwa. Walinicheka, nikaendelea. Leo niwaambie nini?"

"Kwamba na sisi tumeulizwa."

"Usinijibu kama kitabu."

"Samahani." Mchunguzi alisogeza vitu viwili mezani, fomu na kibao, vikawa sambamba. "Bila hii karatasi, Breki akifika kortini atageuka. Atasema hajui kibao cha B kilitoka wapi, matroni alikitafuta mwenyewe. Sajini atampa matroni kosa la pili, la kughushi. Atafungwa kwa kumwacha mtoto aliyemfunga mkanda kiti cha mbele."

"Na kwa karatasi hii?"

"Matroni atajibu kwa kushuka kabla ya mwisho wa ruti. Breki atajibu kwa kibao. Mimi nitajibu kwa tiki."

"Kazi utaachishwa. Na mimi ndiye nitakayesaini barua."

"Najua."

Mwenyekiti alivaa tena miwani, ingawa hapakuwa na kitu kipya cha kusoma. Kisha akainuka, akaenda ukutani na kuanza kubandua chati. Gundi ilikuwa imeshika. Ilitoka vipandevipande, na kijani kingi kilibaki ukutani.

Karani aliingia akiwa na jasho shingoni. "Mama wa matroni amefungwa bandeji," alisema. "Tulitembea, ilichukua saa nzima. Aliniuliza binti yake yuko wapi."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia yuko kazini."

Sajini alifika saa kumi kasoro dakika kumi, ameshika mfuko wa plastiki wenye kibao cha B na kadi iliyochanika. Alisoma akiwa amesimama. Alipofika kwenye fomu, aliisoma mara mbili, akamtazama Mchunguzi, akaangalia pembeni. Hakusema kitu kuhusu chai.

"Makusudi yanaondoka," alisema. "Nitaandika uzembe. Matroni anaweza kutoka kesho asubuhi kwa dhamana, akipata wa kumdhamini."

"Mimi nitamdhamini," Mwenyekiti alisema kutoka ukutani, akiwa amewapa mgongo.

"Hospitali je?" Mchunguzi aliuliza.

"Nimepita. Hali ileile." Sajini alivitia vibao vyote viwili na fomu ndani ya mfuko mkubwa wa karatasi, akaukunja mdomo, akaubandika utepe. Akatoa hati ya makabidhiano na kuiweka juu ya mfuko. "Wewe ndiye unayekabidhi. Vibao viwili, fomu moja. Saini hapa, niwahi."

Mchunguzi alishika kalamu. Alisoma mstari wa hati: vibao viwili, fomu moja. Akaiweka kalamu chini, akaanza kuubandua utepe.

"Dada, umeviona nikivitia sasa hivi. Umekaa hapohapo."

"Najua."

Aliufungua mfuko, akatoa kibao kimoja, akakigeuza. Akatoa cha pili, akakigeuza. Akatoa fomu. Akavirudisha kimoja kimoja, akaubandika utepe upya. Ilimchukua muda wa kushuka ngazi kumi na mbili na kupanda tena.

Kisha akasaini.